Nukta Mbili, Barabara ya Mandela

Saa moja kasorobo asubuhi nimesimama ukingoni,
simu mkononi, inatafuta anga
kati ya nyaya za umeme na bango la saruji.
Mita nne, inasema. Mita nane. Mita tano.
Lori la kontena linapita na kofia yangu.

Fomu ina maswali machache tu:
Kuna mistari? Kuna taa?
Kuna kisiwa cha kupumulia katikati?
Ukingo umeshushwa, kiti cha magurudumu kipite?
Baiskeli: ndiyo, hapana, au mwendeshaji ashuke?

Kanuni ni moja, Asteria alinifundisha siku ya kwanza
tumekalia ndoo zilizopinduliwa, Tabata Relini:
andika kilichopo ardhini.
Si kilichoahidiwa. Si kilichopaswa.

Sasa hapa ardhini kuna nini?

Kuna chembe za rangi nyeupe
kama unga uliosalia kwenye kinu.
Kuna nyasi za katikati zilizokufa
kwa upana wa watu wawili wanaopishana,
na udongo uliopigwa nyayo ukang'aa
kama sakafu ya mtu anayejipenda.
Kuna matofali mawili yaliyopangwa yawe ngazi.
Aliyeyaleta hajulikani.

"Ndipo hapo," anasema Bi Mwanahawa bila kuinua macho,
anageuza mihogo kwenye karai.
"Wanafunzi wanashikana mikono,
mkubwa wao anainua daftari juu, gari zinasimama.
Siku nyingine hazisimami."
Hakuendelea. Mafuta yakaendelea kwa niaba yake.
Sikuwa na kisanduku cha kuandika hilo.

Mwinjuma anafika na magunia mawili ya mkaa
yamekazwa kwa mpira nyuma ya baiskeli,
katoka Kisarawe usiku wa manane.
Namuuliza, kwa adabu, swali la mwisho la fomu:
hapa huwa unashuka?
Anacheka mpaka mzigo unayumba.
"Nikishuka, mwanangu, nani atanipandisha?"
Nikaandika: ndiyo.

Usiku, Vingunguti, mtandao ulipokubali,
nikapandisha nukta yangu.
Mistari: hakuna. Taa: hakuna. Kisiwa: nyasi.
Kesho yake mhakiki wa mbali, asiyelijua vumbi letu,
akauliza kwa upole:
picha ya angani haionyeshi kivuko, una hakika?
Nikarudi na daftari, nikahesabu.
Kati ya saa moja na saa mbili:
watu mia tatu na kumi na wawili,
baiskeli arobaini na moja,
mbuzi mmoja
aliyetazama kulia na kushoto kuliko sisi sote.
Nukta ikabaki.

Mvua za vuli zilipokatika wakaja wapaka rangi.
Wakachora mistari mipya, minene,
mbele ya kituo cha mafuta,
hatua mia na ishirini kutoka penye nyasi zilizokufa.
Mizuri, siwezi kusema uongo. Jua la saa sita
huwezi kuitazama bila kukunja uso.
Nikaenda pale peke yangu, nikavuka peke yangu,
nikarudi kwenye matofali kuwakuta watu.

Asteria akasema: futa ile ya zamani.
Nikamwambia: ardhini zipo mbili.
Akanyamaza kitambo, akapuliza chai yake,
akasema kanuni ni yake mwenyewe, atafanyaje.

Basi ramani yetu ina nukta mbili,
moja ya rangi, moja ya miguu,
na atakayemtafutia mwanawe njia ya shule
azione zote,
apime hizo hatua mia na ishirini kwa miguu ya mtoto,
kisha aulize anayepaswa kuulizwa.

"Na mimi je, umeniandika?"
Nikageuza simu, nikaikinga jua kwa kiganja.
Bi Mwanahawa akafuta vidole kwenye kanga,
akasoma taratibu, kwa sauti:
Chakula: mihogo. Saa za kazi: alfajiri, mpaka iishe.
Akatikisa kichwa.
"Na pilipili. Hukuandika pilipili."
Nikaandika pilipili.